Wiki 12 za kwanza za mazoezi ya nguvu: jinsi ya kumpandisha mchezaji bila kumvunja

Kocha mgeni akikabidhiwa wachezaji, kitu cha kwanza anachokimbilia ni programu. Anatafuta ya timu kubwa, anaipakua, anaipachika kwa vijana wake vilevile ilivyo, na wiki ya pili nusu yao wanachechemea. Programu yenyewe inaweza kuwa nzuri tu, shida iliandikiwa miili mingine. Hii kazi ni ya kugawa dozi: unampa mtu mzigo mdogo kidogo kuliko anaouweza, unaangalia mwili umejibu nini, afu ndo unaongeza. Hapa chini nimeweka namna ya kupanga wiki 12 za kwanza za mtu ambaye hajawahi kupiga chuma kwa mpangilio, awe mcheza mpira, mkimbiaji, au mtu tu anayetaka kuwa imara. Kama unajifundisha mwenyewe itakufaa pia, ila mtafute mtu wa kukurekodi na simu, maana unavyohisi unafanya na unavyofanya kweli ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Uliza kabla hajashika chochote

Maswali yenyewe hayana ufundi. Aliumia wapi mwaka uliopita, sasa hivi panauma wapi, analala masaa mangapi, ana mazoezi mengine mangapi kwa wiki, mechi au mashindano ni lini. Swali la kuumia usiliruke, kwa sababu aliyechanika msuli wa nyuma ya paja msimu uliopita yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena kuliko mwenzake ambaye hajawahi, na yeye mwenyewe hatakwambia usipomuuliza, anaogopa utamuweka benchi. Akisema huwa anapata maumivu ya kifua akijituma, au alishawahi kuzimia katikati ya mbio, au kwenye familia kuna mtu alikufa ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, hapo mazoezi yanasimama, anaenda kwa daktari kwanza anarudi na ruhusa.

Kama unafundisha watoto, jiandae na mzazi atakayekuja kukwambia chuma kinadumaza. Hakuna ushahidi wa hilo. Mtoto anayeweza kusikiliza na kufuata maelekezo anaweza kufundishwa mazoezi ya nguvu, mradi anayemsimamia anajua anachofanya, uzito ni mdogo na hamna mashindano ya nani kanyanyua zaidi.

Hatua ya 2: Pima vichache, ambavyo utaweza kuvirudia

Makocha wengine wanapima vitu 15 siku ya kwanza, karatasi zinajaa namba, na hakuna anayezifungua tena. Chukua vinne tu. Kuruka mbele kwa miguu miwili kutoka kusimama, majaribio matatu unaandika bora zaidi. Mbio za mita 30 kama mna sehemu. Pushapu mpaka fomu ivunjike, yaani kiuno kikianza kulegea unahesabu ndo mwisho hata kama bado anaweza kujisukuma. Na mbio za dakika 12, unapima amekimbia umbali gani, kipimo alichokitangaza Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968 na mpaka leo kinatumika kwa sababu hakihitaji kitu zaidi ya saa na uwanja. Hizo mbio zipange siku yake peke yake. Andika na mazingira: viatu gani, sehemu gani, asubuhi au jioni, maana ukija kurudia baada ya wiki 12 kwenye nyasi wakati mara ya kwanza ilikuwa lami, hujapima kitu.

Uzito wa juu kabisa anaoweza kunyanyua mara moja usiupime kwa mtu mpya. Hana fomu bado na hiyo namba itabadilika baada ya wiki mbili. Ukifika wiki ya 4 au 5 unaweza kukadiria kwa fomula ya Boyd Epley, jamaa ambaye Chuo Kikuu cha Nebraska kilimuajiri mwaka 1969 kama kocha wa nguvu wa kulipwa, wakati makocha wengi wa michezo bado waliamini chuma kinamfanya mchezaji awe mzito na mwili ukakamae. Unachukua repu, yaani mara alizonyanyua mfululizo, unazigawanya kwa 30, unajumlisha 1, afu unazidisha kwa uzito alionyanyua. Kwa hiyo kilo 60 kwa repu 5 ni kama kilo 70 kwa repu moja. Zaidi ya repu 10 hivi hiyo fomula inaanza kudanganya, usiitumie.

Hatua ya 3: Fundisha miondoko kabla ya uzito

Hii hatua mi ndo naipa muda mwingi kuliko zote, na ndo watu wanairuka haraka kwa sababu haivutii kuposti. Miondoko ni sita: kuchuchumaa, kukunja nyonga, kusukuma, kuvuta, kusimamia mguu mmoja, na kubeba mzigo ukitembea. Ukishakuwa na hiyo sita, mazoezi mengine yote ni matawi.

Kuchuchumaa anza na dambeli moja (chuma kifupi cha kushika mkononi) ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ule uzito wa mbele unamsaidia asianguke nyuma na kifua kinabaki juu chenyewe bila we kupiga kelele. Simama pembeni yake kwanza, usisimame mbele. Angalia visigino: vikinyanyuka, mara nyingi kifundo cha mguu hakikunjiki vya kutosha, weka pleti ndogo mbili (zile sahani za chuma za uzito) chini ya visigino aendelee kujifunza huku mnafanyia kazi kifundo, hiyo sio kuchakachua. Afu hamia mbele uangalie magoti. Yakiingia ndani wakati anapanda, punguza uzito, na kama hata bila uzito bado yanaingia, mfunge kamba laini ya mpira juu kidogo ya magoti, mwambie aitanue kamba. Yeye anashughulika na kamba na magoti yanakaa yenyewe.

Hapo kwenye kamba kuna kitu cha maana sana kwa kocha. Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu akielekeza akili kwenye kinachotokea nje ya mwili wake, anajifunza mwondoko vizuri kuliko akiwaza kiungo. Kwa hiyo badala ya kumwambia "kaza paja, nyoosha goti" mwambie "isukume sakafu iende chini". Kwenye kuruka usimwambie "tumia nyonga", weka alama mbele mwambie airuke. Na maelekezo ni moja kwa seti (mzunguko mmoja wa repu kabla ya kupumzika), moja tu. Kocha anayeongea mfululizo mchezaji akiwa na chuma mgongoni anajifurahisha mwenyewe, yule chini ya chuma hasikii kitu.

Kukunja nyonga ndo kunasumbua wengi maana watu wanainama kwa mgongo. Msimamishe akiwa ameupa ukuta mgongo, umbali wa kama urefu wa unyayo wake mmoja, mwambie apeleke makalio nyuma mpaka yaguse ukuta bila kuchuchumaa. Akigusa, msogeze mbele kidogo, arudie. Akisikia nyuma ya mapaja inavuta, ameshapata, mpe dambeli mbili na hapo tayari mko njiani kuelekea dedlifti, kunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni.

Pumzi: anavuta hewa kujaza tumbo na mbavu pande zote, anakaza kiuno kama anayesubiri ngumi, anashikilia kwenye sehemu ngumu ya mwondoko, anaachia akikaribia juu. Mwenye presha ya kupanda asibane pumzi hivyo, yeye aendelee kupumua na atumie uzito mwepesi.

Hatua ya 4: Wiki ya 1 mpaka ya 4, nguvu inapanda haraka na usidanganyike

Hapa kocha anajiona bingwa. Kila wiki mchezaji anaongeza uzito, na bado ukimtazama mwili ni ule ule. Watafiti Moritani na deVries walionyesha mwaka 1979 kwamba nguvu ya mwanzoni inatoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu, ubongo unajifunza kuamsha misuli mingi zaidi na kwa pamoja, na msuli wenyewe kukua unakuja kuchukua nafasi kubwa baadaye, baada ya wiki kadhaa. Mwili pia una utaratibu wake wa kuamsha nyuzi za misuli, unaanza na zile ndogo zisizochoka haraka, zile kubwa zenye nguvu zinaitwa mwishoni kazi ikizidi kuwa ngumu. Ndo maana uzito mwepesi sana unaonyanyua huku unapiga stori hauwezi kukufikisha popote, na ndo maana huyo mtu mpya anaonekana dhaifu kuliko misuli aliyonayo.

Tatizo ni kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Zenyewe zinazoea mzigo polepole kuliko misuli, so unakuta misuli inasema tuongeze na goti au kisigino kinaanza kuuma asubuhi mtu akitoka kitandani. Kwa hiyo wiki hizi nne: siku 2 au 3 kwa wiki, seti 2 mpaka 3 za repu 8 mpaka 10, na kila seti inaisha akiwa bado na repu kama 3 za akiba. Atalalamika kwamba ni rahisi. Mwache alalamike.

Hatua ya 5: Kuongeza uzito

Wazo la kuongeza kidogo kidogo ni la zamani sana lakini aliyeliweka kwenye utaratibu wa kitabibu ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa anawarudisha kwenye hali askari waliojeruhiwa vita ya pili ya dunia. Mwaka 1945 aliandika kuhusu kuwapa uzito mkubwa na kuuongeza mara kwa mara, na baadaye yeye na Arthur Watkins wakatulia kwenye seti 3 za repu 10: ya kwanza nusu ya uzito anaouweza mara 10, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Mpaka leo ukiona mtu anapanda ngazi hivyo kwenye jimu ujue anatembea kwenye nyayo za yule daktari hata kama hamjui.

Njia rahisi ya kuongeza ni hii. Chagua nafasi ya repu, tuseme 6 mpaka 8, seti 3. Skwati (kuchuchumaa na uzito) ya kilo 40, leo kapata 8, 7, 6. Mazoezi yanayofuata kapata 8, 8, 7. Bado kilo 40. Siku akipata 8, 8, 8 na fomu ni safi, ndo anaenda kilo 42.5 na repu zitashuka tena, ni kawaida. Kwa mazoezi ya mikono ongezeko liwe dogo zaidi, kilo 1 tu inatosha kama mna pleti ndogo.

Baada ya kila seti ngumu muulize swali moja: zimebaki ngapi? Mwanzoni watu hawajui kujikadiria, wengi wanasema "imebaki moja" wakati wana tano. Kwa hiyo usimsikilize mdomo peke yake, angalia chuma. Repu ya mwisho ikipanda kwa mwendo ule ule wa repu ya kwanza, bado anazo nyingi. Ikianza kupanda kwa kusitasita amebakiza moja au mbili. Ikisimama katikati afu mgongo ukajikunja, seti ilitakiwa iishe repu moja kabla, hiyo iandike na usiongeze uzito siku inayofuata. Kuanzia wiki ya 5 mpaka ya 11 mnafanyia kazi kwenye eneo la kubakiza 1 mpaka 3. Kushindwa kabisa chini ya chuma hakuna faida kubwa kwa mchezaji ambaye kesho ana mazoezi ya timu.

Hatua ya 6: Kupanga siku na wiki

Ndani ya mazoezi mpangilio ni huu: kupasha mwili dakika 10 hivi, afu vya kasi na kuruka wakati mwili bado mpya, afu vizito, afu vidogo vidogo, mazoezi ya pumzi, yaani ya stamina, mwishoni. Kujinyoosha kwa kukaa kwenye mkao dakika nzima na zaidi kabla ya kuruka au kukimbia kunapunguza kidogo nguvu ya mlipuko kwa muda, hiyo ipeleke mwisho.

Mapumziko kati ya seti nzito ni dakika 3 mpaka 5, na hapa vijana wanagoma maana wanaona wanapoteza muda. Ukijituma kwa sekunde chache kwa nguvu zote msuli unatumia akiba yake ya fosfokriatini, na hiyo akiba inahitaji dakika kadhaa kurudi. Ukimrudisha baada ya sekunde 40 unamfundisha kuvumilia uchovu, ambacho ni kitu kingine. Mbio za kasi hivyohivyo, wengi wanatumia kipimo cha dakika 1 ya kupumzika kwa kila mita 10, mita 30 unapumzika 3.

Kuchanganya chuma na mbio ndefu kuna gharama yake. Mtafiti Robert Hickson alichapisha mwaka 1980 utafiti wa wiki 10, kundi moja likinyanyua siku 5 kwa wiki, lingine likifanya ya pumzi siku 6, la tatu likifanya vyote. La tatu liliongeza nguvu vizuri mpaka kama wiki ya 7, likasimama, na wiki za mwisho nguvu ikashuka. Ule ulikuwa mzigo mkubwa sana, watu wa kawaida hawafiki huko, so usiogope kumkimbiza mtu wako. Ila tenganisha: chuma asubuhi mbio jioni, na kama haiwezekani, chuma kitangulie. Siku nzito za miguu zipe masaa 48 katikati, na miguu mizito isiwe siku moja kabla ya mechi.

Hatua ya 7: Pumzi

Sehemu kubwa iwe mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima. Kwa makali, mara moja au mbili kwa wiki, dakika 4 za kasi ya asilimia 90 mpaka 95 ya mapigo yake ya juu, dakika 3 za kukimbia taratibu, mara 4. Hivyo ndivyo mtafiti Helgerud na wenzake walivyowafundisha wachezaji vijana wa soka wa Norway, mara mbili kwa wiki kwa wiki 8, uwezo wa kutumia oksijeni ukapanda na wakakimbia umbali mrefu zaidi kwenye mechi.

Kuwakimbiza wachezaji kama adhabu kuachwe kabisa. Mzigo wa ghafla kwa watu waliotoka likizo, hasa jua kali, unaweza kuvunja misuli kiasi cha kumwaga uchafu wake kwenye damu na kuziba figo. Dalili ni misuli kuvimba na kuuma kupita kawaida na mkojo wenye rangi ya chai nyeusi. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, usimwambie anywe maji alale.

Hatua ya 8: Kinga ya nyuma ya paja

Kama mchezo wenu una mbio za kasi weka zoezi la nordiki. Anapiga magoti, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu, anajishusha mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka mpaka hawezi tena, anajidaka kwa mikono. Tafiti kwenye soka zinaonyesha linapunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Anza na seti 2 za repu 3 au 5, mara moja kwa wiki, maana kushusha mzigo ndo kunaleta yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu, na mchezaji akiamka hawezi kushuka ngazi atalichukia zoezi maisha yake yote.

Hatua ya 9: Andika mzigo wa kila siku

Baada ya mazoezi, ikipita kama nusu saa, muulize kwa ujumla yalikuwa magumu kiasi gani, 0 mpaka 10. Zidisha kwa dakika. Dakika 60 kwa ugumu wa 7 ni 420. Njia ni ya mtafiti Carl Foster, na uzuri wake inahesabu kila kitu kwa kipimo kimoja, chuma, mechi, mbio, hata mazoezi ya kocha mwingine. Jumlisha wiki nzima. Wiki iliyopita 1,500 na hii 2,600, hapo uko kwenye kutafuta matatizo hata kama anakwambia yuko freshi. Kazi ikibaki ile ile na yeye anasema ugumu umepanda kutoka 5 kwenda 8, uliza usingizi, uliza shule au kazi, uliza kama anaumwa.

Wiki ya 4 na ya 8 punguza seti kwa nusu, uzito uache ulivyo. Chakula na usingizi sitaongea sana: masaa 8 hivi, na protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kabla hajatimiza hayo mawili msiongelee virutubisho vya kopo.

Hatua ya 10: Wiki ya 12, shusha kazi na upime tena

Siku 7 mpaka 14 kabla ya kipimo au shindano punguza kiasi cha kazi kwa karibu nusu, ila ukali usishushe, chuma kibaki kizito na mbio zibaki za kasi, chache tu. Ukishusha vyote viwili anakuja siku ya mashindano akiwa amelala.

Afu rudia vipimo vinne vile vile, viatu vile vile, sehemu ile ile. Matokeo yasome pamoja na uzito wa skwati ulioandika kwenye daftari. Skwati imepanda na kuruka kumepanda, endelea na mpango. Skwati imepanda ila kuruka na mita 30 vimegoma, nguvu ipo na haitoki haraka, punguza seti nzito moja weka miruko na mbio fupi mwanzoni mwa mazoezi. Vyote vimeshuka, huyo amechoka, mpe wiki nyepesi nyingine umpime tena kabla hujagusa programu. Dakika 12 tu ndo imeshuka wakati vingine vimepanda, angalia daftari, karibu mara zote utakuta siku za pumzi zilikuwa zinaliwa na siku za chuma. Wiki ya 13 anaanza na kama asilimia 90 ya uzito alioishia, na nafasi ya repu inashuka kutoka 6 mpaka 8 kwenda 4 mpaka 6.